Mwongozo kamili: Namna ya kufuatilia historia ya kituo cha zamani cha zimamoto New York bila kuchanganya jumba na kikosi

Barua ninazopata kuhusu jambo hili zinafanana mno. Mtu ameona jumba la matofali mekundu Manhattan, lina lango pana la kupitisha gari, na juu ya lango pamechongwa namba. Anaiingiza namba hiyo kwenye simu, anapata historia ya kikosi chenye namba hiyo, anaibeba yote na kulivisha jumba. Kazi inaonekana imekwisha. Kisha anatokea mzee aliyekulia mtaa ule na kumwambia kwamba hao anaowasimulia hawakuwahi kulala humo hata usiku mmoja.

Nami nimeshaangukia shimo hilohilo. Niliwahi kuwasimamisha wageni wangu mbele ya kituo cha Engine 22 (kikosi cha pampu) na Ladder 13 (kikosi cha ngazi), namba 159 East 85th Street, nikawaambia kwa sauti ya mwenyeji kwamba humu ndimo mchoraji Andy Warhol alipokuwa akifanyia kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watu wakapiga picha. Usiku nikagundua kwamba jumba la Warhol lilikuwa namba 159 East 87th Street. Lilikuwa la Ladder 13 kweli, ila kikosi kilikuwa kimeshahama. Kikosi kilekile, namba ileile ya nyumba, mitaa miwili kando. Ilinibidi niwapigie simu mmoja mmoja.

Mwongozo huu hausimulii historia ya zimamoto. Unakupa njia ya kuipata mwenyewe kwa jumba moja unalolitaka. Nimechagua New York kwa sababu kumbukumbu zake nyingi ziko wazi mtandaoni bila malipo, kwa hiyo hata aliyeko Arusha au Muscat anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi akiwa amekaa kwake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari la karatasi na penseli. Vyumba vya kusomea nyaraka kwa kawaida havitaki kalamu ya wino.
- Simu yenye kamera, au mtu aliyeko New York atakayekupigia picha.
- Kitambulisho chenye picha, kama utakwenda kwenye nyaraka mwenyewe.
- Intaneti ya kufungulia mafaili makubwa ya PDF na ramani nzito.
- Maneno manne ya Kiingereza utakayoyakuta kila mahali. "Organized": kikosi kimeundwa. "Relocated": kimehamishiwa jumba jingine. "Reorganized": kimeundwa upya, mara nyingi baada ya kufungwa. "Disbanded": kimevunjwa. Anayesoma "relocated" kana kwamba ni "disbanded" huua kikosi ambacho mpaka leo kinakimbilia moto.
- Muda. Jumba lililo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa na jiji huchukua siku mbili. Lisilokuwamo linaweza kukula wiki kadhaa.

## Hatua ya 1: Kunja ukurasa katikati

Chukua ukurasa mtupu, ukunje kwa urefu, uufungue. Upande wa kushoto andika JUMBA. Upande wa kulia andika KIKOSI. Kuanzia sasa, kila unachokipata kina upande wake. Mwaka wa kujengwa, msanifu, matengenezo, kuuzwa: kushoto. Kuundwa, kubadilishwa namba, kuhama, kuvunjwa: kulia.

Sababu ni kwamba jumba na kikosi vina maisha mawili tofauti. Jumba limekaa palepale. Kikosi ni watu, gari na namba, na vyote vitatu hubebeka. Kikosi kimoja kinaweza kupita majumba matatu, na jumba moja likapokea vikosi vinne.

Taarifa usiyojua iende upande gani, iandike chini kabisa na alama ya kuuliza. Usiilazimishe.

Utajua umefaulu: ukisoma upande wa kushoto peke yake, hakuna sentensi yenye mtu aliyepanda gari.

## Hatua ya 2: Soma ukuta

Nenda, au mtume mtu. Picha moja ya mbele haitoshi. Zinatakiwa picha za lango, maandishi yote, paa, ukuta wa nyuma kama unaonekana, na majengo ya pembeni.

Tafuta haya:

Namba iliyochongwa kwenye jiwe. Hii ni namba ya kikosi kilichokuwapo siku jiwe lilipowekwa, basi. Kama lango la chuma lililopakwa rangi jana lina namba nyingine, zote mbili ni kweli, kila moja kwa wakati wake.

Mwaka uliochongwa. Hapa mtu wa pwani ana faida. Tunajua kwamba mlango wa Unguja unaweza kuwa na mwaka wake na nyumba ikawa na mwaka mwingine, maana milango huuzwa na kuhamishwa. Kwenye kituo cha zimamoto, mwaka uliochongwa unaweza kuwa wa jengo, wa kuundwa kwa kikosi, au wa matengenezo. Uandike chini na alama ya kuuliza mpaka Hatua ya 5.

Bamba la shaba. Majumba mengi yana bamba lenye majina ya meya, makamishna wa zimamoto na msanifu wa jengo. Mara nyingi liko ndani, kwenye ukuta wa chumba cha magari, ndiyo maana wengi hawalioni. Lango likiwa wazi, chungulia kushoto na kulia.

Alama za farasi na mipira. Boriti iliyochomoza juu ya dirisha la ghorofani ilishika kapi ya kuvutia nyasi kavu za farasi. Mnara mwembamba juu ya paa ulikuwa wa kuning'inizia mipira ya maji ikauke, kwa kuwa mipira ya zamani ilioza ikihifadhiwa mbichi.

Upana. Lango moja ni kikosi kimoja kwa kawaida. Malango mawili yanaweza kumaanisha Engine, yaani kikosi cha pampu, na Ladder, yaani kikosi cha ngazi, chini ya paa moja. Basi una historia tatu mkononi: jumba moja na vikosi viwili. Ongeza safu ya tatu kwenye daftari.

Onyo: usipige picha mabamba yenye majina ya marehemu kana kwamba ni mapambo. Zimamoto 343 wa jiji hili walikufa Septemba 11, 2001, na vituo vingi vina majina yao ukutani. Omba kwanza.

## Hatua ya 3: Pata namba ya bloku na loti

Kila kiwanja New York kina namba ya bloku na namba ya loti. Fungua ramani ya jiji ya mtandaoni iitwayo ZoLa, andika anwani, namba zitatokea. Zinakili juu ya ukurasa.

Kwa nini usitumie anwani tu? Kwa sababu anwani hubadilika. Jumba la Engine 31 leo ni namba 87 Lafayette Street. Lilijengwa 1895, wakati kipande kile cha mtaa kikiitwa Elm Street. Ukitafuta Lafayette kwenye magazeti ya 1895 utatoka mikono mitupu, na utadhani jumba halikuandikwa. Queens, wilaya nyingine ya jiji, ndiyo balaa zaidi, kwani mitaa mingi yenye majina iligeuzwa kuwa ya namba.

Onyo: namba ya loti nayo inaweza kubadilika viwanja vikiunganishwa. Ukiona jengo la leo ni pana kuliko la kwenye picha ya zamani, angalia kwenye ramani za Hatua ya 6 kama loti mbili zimekuwa moja.

Utajua umefaulu: una bloku, loti, anwani ya leo, na angalau umejiuliza mtaa uliitwaje zamani.

## Hatua ya 4: Fungua namba ya kikosi

Hapa ndipo wengi wanapozama, kwa hiyo twende taratibu. Namba ya kikosi cha New York inaweza kuwa imebadilika mara moja, mara mbili, au kamwe. Inategemea wilaya na mwaka.

Kabla ya 1865 Manhattan. Zimamoto walikuwa wa kujitolea, na vikosi vyao vilikuwa na namba pamoja na majina. Mwaka huo bunge la jimbo likaunda idara ya zimamoto wa kulipwa, na hesabu ya namba ikaanza upya. Engine 6 ya wa kujitolea na Engine 6 ya wa kulipwa hazina undugu wowote. Ukikuta habari ya 1855 inayotaja Engine 6, hiyo ni Americus, kikosi chenye nembo ya kichwa cha chui milia, ambacho William Tweed alikuwa kiongozi wake kabla ya kuwa mwanasiasa aliyejulikana kwa kulifilisi jiji. Namba ileile ya baada ya 1865 ni watu wengine, jumba jingine, gari jingine.

Brooklyn kabla ya 1898. Brooklyn lilikuwa jiji linalojitegemea, likiwa na idara yake ya zimamoto wa kulipwa tangu 1869 na namba zake kuanzia 1. Kwa hiyo kulikuwa na Engine 5 mbili, moja kila upande wa mto, kila moja ikijiona ndiyo yenyewe.

Baada ya kuunganishwa. Mwaka 1898 Brooklyn iliingizwa ndani ya New York, na namba zikagongana. Dawa yao ilikuwa kujumlisha. Mwaka 1899 vikosi vya Engine vya Brooklyn viliongezewa 100, na vya Ladder vikaongezewa 50. Mwaka 1913 vikaongezewa tena kiasi kilekile.

Fanya hesabu hii kwenye daftari:

Engine 5 ya Brooklyn → Engine 105 (1899) → Engine 205 (1913 mpaka leo).
Ladder 1 ya Brooklyn → Ladder 51 (1899) → Ladder 101 (1913 mpaka leo).

Sasa ona mtego. Gazeti la 1905 linasema Ladder 51 ilizima moto kwenye ghala la Brooklyn. Ukitafuta Ladder 51 leo, utaikuta wilaya ya Bronx. Si hao. Waliozima ule moto ni wale wanaoitwa leo Ladder 101. Nimeona makala ndefu, iliyoandikwa vizuri, ikimhamisha zimamoto wa Brooklyn hadi Bronx kwa kosa hili moja.

Onyo: usitoe 200 kwenye kila namba kubwa unayoiona. Vikosi vilivyoundwa baada ya 1913 vilizaliwa na namba zao hizohizo. Tafuta kwanza mwaka wa kuundwa, ndipo uamue kama kuna cha kutoa.

Onyo la pili: magazeti ya zamani hayakuandika Ladder kwa namna moja. Utakuta "Hook and Ladder", "H. & L." na "Truck". Vyote ni kikosi cha ngazi.

Utajua umefaulu: upande wa kulia wa ukurasa una namba zote za kikosi, kila moja na mwaka wa kuanza na wa kuisha.

## Hatua ya 5: Tafuta siku ya kuzaliwa ya jumba

Anza na Landmarks Preservation Commission, tume ya jiji iliyoundwa 1965 kulinda majengo ya kihistoria. Kila jengo lililolindwa lina ripoti yake, na ripoti zote zinapakuliwa bure. Jumba lako likiwamo, umepata msanifu, miaka ya ujenzi, maelezo ya uso wa jengo, na mara nyingi vikosi vilivyoishi humo. Engine 31 tuliyoitaja ilikuwa miongoni mwa za mwanzo, ikalindwa 1966.

Hata likiwa halikulindwa lenyewe, angalia kama liko ndani ya eneo zima linalolindwa. Ripoti za maeneo hutaja nyumba moja moja kwa anwani.

Kama halimo kabisa, nenda kwenye mtandao wa idara ya majengo ya jiji. Tafuta kwa bloku na loti. Herufi NB ni maombi ya jengo jipya, ALT ni matengenezo. Nyuma ya herufi kuna namba na mwaka. Namba hiyo ndiyo ufunguo wa kuombea nyaraka zaidi kwenye Municipal Archives, hifadhi ya nyaraka za jiji, iliyoko 31 Chambers Street.

Onyo la tarehe: mwaka wa maombi si mwaka wa kuhamia. Jengo laweza kuombewa mwaka mmoja likafunguliwa mwaka wa pili au wa tatu. Ndiyo maana utaona miaka miwili ikiandikwa pamoja, kama 1883–84. Usiikate.

Onyo la msanifu: kampuni ya Napoleon LeBrun ilichora vituo zaidi ya 40 vya idara hii kati ya 1879 na 1895. Kwa hiyo kila anayeona matofali mekundu na chuma cha kusubu chini husema "LeBrun" na kuendelea na safari. Wengine walikuwapo. Kituo cha Great Jones Street, cha 1899, ni cha Ernest Flagg na mwenzake. Cha North Moore Street, cha 1903, ni cha Alexander Stevens. Bila karatasi usitaje jina.

Onyo la kiwanja: kituo kingeweza kubomolewa na kujengwa upya palepale. Hapo taarifa mbili za miaka tofauti zote ni sahihi, ila za majengo mawili. Ukiona miaka inapishana kwa zaidi ya kumi, shuku hili kwanza kabla ya kumshuku mwandishi.

## Hatua ya 6: Ramani za bima na picha za kodi

Hii ndiyo sehemu niipendayo, na ukiwa na haraka ni heri uruke nyingine kuliko hii.

Kampuni za bima zilitaka kujua jengo gani litaungua upesi, kwa hiyo zilinunua ramani zilizochorwa nyumba kwa nyumba. Sanborn ndilo jina kubwa, tangu 1867. Waridi ni matofali, njano ni mbao, buluu ni mawe. Vituo vya zimamoto vimeandikwa kwa jina, kwani ndivyo vilivyompunguzia mteja ada. Maktaba kuu ya New York imeskani ramani nyingi za jiji na kuziweka mtandaoni.

Tafuta ramani tatu za mtaa wako: moja ya kabla ya mwaka wa ujenzi, moja ya karibu baada yake, na moja ya baada ya 1913. Ziweke sambamba. Ya kwanza inakuonyesha kulikuwa na nini. Ya pili inathibitisha kituo. Ya tatu inakuonyesha kama namba imebadilika.

Onyo: Sanborn walisahihisha ramani zao kwa kugundisha vipande vya karatasi juu ya vya zamani. Kwa hiyo mwaka ulioko kwenye jalada unaweza kuwa wa nyuma kuliko unachokiona. Tazama kingo za majengo. Ukiona kivuli chembamba au mstari usiokutana na mwenzake, hapo pamebandikwa.

Baada ya ramani, picha. Kati ya 1939 na 1941 jiji lilipiga picha kila jengo la wilaya zote tano kwa ajili ya kodi. Municipal Archives imeziweka wazi, na unazitafuta kwa bloku na loti. Kwenye picha nyingi utaona kibao kimesimamishwa mbele ya jengo, kimepangwa namba za bloku na loti. Kisome. Kisipolingana na namba zako, umefungua picha ya jirani. Hutokea zaidi ya unavyodhani. Kuna mkusanyiko mwingine wa miaka ya 1980, wa rangi, mzuri kwa majumba yaliyofungwa miaka ya 1970.

Mfano wa kuonyesha kwa nini ramani hazirukwi: kituo cha Ladder 8, namba 14 North Moore Street, kile ambacho watalii hupigia picha kwa sababu ya filamu ya mizimu, Ghostbusters. Ni chembamba, kina lango moja, na mtu angeapa kwamba ndivyo kilivyojengwa. Ramani ya kabla ya Varick Street kupanuliwa inaonyesha jumba lenye upana maradufu. Mtaa ulipopanuliwa miaka ya 1910, nusu ya kituo ilikatwa, uso ukajengwa upya. Ukutani hakuna alama inayokuambia hivyo.

Utajua umefaulu: una picha au ramani inayoonyesha jumba lako na namba ya kikosi katika mwaka unaoujua.

## Hatua ya 7: Magazeti, na maisha ya jumba baada ya magari kuondoka

Kwa Brooklyn, anza na Brooklyn Daily Eagle, lililoskaniwa na maktaba ya Brooklyn kuanzia 1841 hadi 1955. Kwa Manhattan, Library of Congress, maktaba ya bunge la Marekani, ina magazeti mengi ya bure. Tafuta kwa anwani ya zamani, kisha kwa kila namba uliyoipata Hatua ya 4, ukibana miaka. Engine 105 tafuta 1899 hadi 1912 tu.

Kompyuta husoma maandishi hafifu vibaya, kwa hiyo usipopata kitu, jaribu jina la mtaa pamoja na neno "engine house". Hilo ndilo neno lao la zamani kwa kituo.

Ripoti za mwaka za idara ya zimamoto ni kavu, ila zinaorodhesha vikosi na anwani zao. Ukipata za miaka mitano mfululizo, utaona mwaka ambao kikosi kiliruka kutoka anwani moja kwenda nyingine.

Kama jumba limeuzwa baada ya 1966, hati zake ziko kwenye mtandao wa jiji uitwao ACRIS, kwa wilaya zote isipokuwa Staten Island. Engine 31 ilivunjwa 1972, na jumba likawa makao ya kituo cha filamu na televisheni ya jamii. Mwaka 2003 jiji lilifunga vikosi sita kwa mpigo, kikiwamo Engine 212 cha Williamsburg, Brooklyn, ambacho wakazi walishawahi kukikalia miaka ya 1970 kisifungwe, wakakipa jina la Firehouse ya Watu. Mambo kama hayo huyapati kwenye hati. Yako magazetini.

## Hatua ya 8: Bisha hodi

Kama kituo bado kinafanya kazi, nenda ukiwa tayari umemaliza hatua zilizotangulia. Usiende kuuliza "kituo hiki kina historia gani?" Watu wale wana kazi. Nenda na swali moja ambalo karatasi zimeshindwa kulijibu.

Zamu hubadilishana saa 3 asubuhi na saa 12 jioni. Epuka nyakati hizo. Katikati ya asubuhi ni pazuri. Simama nje ya mstari wa lango, usiweke kitu chochote kwenye njia ya gari, msalimie aliye kwenye dawati la zamu, umwite ofisa kwa cheo chake.

Siku moja nilifika kwenye kituo fulani na kopo la mandazi, nikakaribishwa hadi penye pampu. Ofisa mmoja wa makamo akaanza kunionyesha kwa ncha ya kiatu mahali ambapo sakafu imezibwa, akisema hapo palikuwa na mfereji wa maji ya mazizi. Alifika "babu yangu aliniambia kwamba..." king'ora kikalia. Akaniacha na sentensi nusu. Chini ya dakika moja gari lilikuwa barabarani, lango linashuka, nami niko kando ya njia na mfuniko wa kopo mkononi. Nilirudi wiki iliyofuata. Alikuwa likizo.

Kwa hiyo andika swali lako kwenye karatasi pamoja na njia ya kukupata, uiache hata kama mazungumzo yamenoga.

Makumbusho ya zimamoto ya jiji yana jumba lake namba 278 Spring Street, ambalo lenyewe ni kituo cha zamani cha Engine 30 kilichojengwa 1904. Uliza kwanza kama limefunguliwa kabla ya kufunga safari.

## Hatua ya 9: Pima hadithi kabla ya kuzinakili

Utakuwa umekusanya hadithi. Nyingine ni tamu mno kuachwa. Zipime kwa miaka.

Farasi. Farasi wa mwisho wa zimamoto New York walikimbia Desemba 20, 1922, wakitokea Engine 205 ya Brooklyn. Jumba lililojengwa baada ya hapo halikuwa na mazizi, hata mzee akiapa. Lililojengwa miaka michache kabla yake huenda lilichorwa kwa magari tangu mwanzo. Ripoti ndiyo itakayosema.

Nguzo ya kuteleza. Ilianzia Chicago mwaka 1878, kwa David Kenyon wa Engine 21, kikosi cha zimamoto weusi. Boston wakaifanya ya shaba 1880. Jumba la New York la miaka ya 1860 lenye nguzo lilitobolewa sakafu baadaye. Ukipata ruhusa, tazama mbao zinazozunguka tundu. Zilizokatwa baadaye hujulikana.

Ngazi ya mzunguko. Utaambiwa iliwekwa ili farasi wasipande ghorofani wakifuata harufu ya chakula. Kila kituo nilichoingia nimesimuliwa hivyo. Ngazi ya namna hiyo pia hula nafasi ndogo kwenye jumba jembamba. Iandike kama hadithi ya kituo, usiiandike kama sababu ya msanifu, mpaka upate karatasi.

## Hatua ya 10: Andika, pande mbili

Sasa unaweza kuandika. Huu ni mfano wa ukurasa uliokamilika, wa namba 269 Henry Street, Manhattan.

JUMBA: Kiwanja kilikuwa na kituo cha zimamoto wa kujitolea. Jengo la sasa ni la 1883–84, la kampuni ya LeBrun. Linalindwa na jiji. Sasa linatumiwa na shirika la huduma za jamii la Henry Street Settlement, majirani zake wa siku nyingi.

VIKOSI: Americus Engine 6, wa kujitolea, hadi 1865. Kisha Engine 15 wa kulipwa. Engine 15 bado ipo. Leo inalala 25 Pitt Street pamoja na Ladder 18.

Tazama kilichotokea. Anayesoma "Americus 6" akaenda kumtafuta Engine 6 wa leo amepotea. Anayeona jumba limegeuka ofisi akaandika kwamba Engine 15 imevunjwa amepotea. Anayesema Tweed alipita kwenye lango lile amepotea pia, kwa sababu lango ni la 1883–84, na Tweed alifia jela 1878. Americus walikuwa na jengo jingine, palepale.

Ukishaandika, mpe mtu asiyejua lolote kuhusu zimamoto asome, umuulize maswali mawili: jengo lina umri gani, na kikosi kiko wapi leo. Akijibu yote mawili bila kukuangalia usoni, ukurasa umekamilika. Akisita, rudi Hatua ya 4. Tisa kwa kumi kosa liko huko.

Nakala moja iprinti uipeleke kituoni wanakolala sasa, hata kama jumba ulilolichunguza ni la watu wengine. Iache kwenye dawati la zamu, asubuhi, baada ya saa 3.